Kuiuliza Seva ya Kibondo

Kazi inayonilisha ni kuuliza mashine maswali. Nakaa Kasulu, katika chumba cha nyuma kinachopakana na stoo ya magodoro, na kutoka hapo ninaziuliza kompyuta zilizo mbali: una nguvu kiasi gani, umebeba nini, unaumwa wapi. Ile kubwa kuliko zote ni seva yetu ya Kibondo. Imewekwa katika ofisi ya kanisa inayosimamia zahanati, na hakuna mtu anayekaa mbele yake kuitumia. Wote tunaifikia kwa mtandao. Mama akipimwa ujauzito Muyama, au mtoto akichomwa sindano Nyabibuye, habari zao zinakwenda kulala Kibondo.

Watu wakinikuta nimekodolea macho kioo cheusi chenye maandishi meupe hudhani ni uganga. Hakuna uganga. Unaandika amri ya neno moja au mawili, unabonyeza, mashine inajibu. Taabu ni kwamba inajibu kile ulichouliza tu, haikuongezei hata chumvi, na watu wengi hawajui walichouliza ni nini. Wakishapata namba wanaishika kama mtu aliyeshika mkia wa mbuzi gizani na kutangaza kwamba amepata ng'ombe.

Nasema hivi kwa hasira, na sitaificha. Mama yangu, ambaye amenilea Heru Juu kwa mihogo na maharage, husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Lakini kuna jambo moja tu katika kazi hii ambalo nikilikumbuka ngumi hizo hujikunja zenyewe, nalo ni la mzee wa chumba cha seva.

Alikuwa mtu wa umri wa baba yangu. Alivuka mto Malagarasi kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, katika miaka ambayo Warundi walikuwa wakikimbia. Akakulia upande huu, akaoa upande huu, akazika watoto wawili upande huu, na mwisho akapewa uraia. Cheti chake alikitia kwenye fremu akakitundika sebuleni karibu na picha ya Yesu mchungaji, na mgeni akiingia alikuwa anamwonyesha vyote viwili kwa pamoja. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa, wa kukaa benchi la mbele. Ofisini kazi yake ilikuwa kufuta vumbi jekundu lisiingie kwenye mashine, kuangalia kiyoyozi, kuwasha jenereta umeme ukikatika, na kushika ufunguo wa chumba.

Tulizungumza kwa simu karibu kila siku ya kazi. Mimi ni Muha, yeye kwao Kirundi, na lugha hizo ni ndugu wa tumbo moja. Kila mmoja husema ya kwake na mwenzake akaelewa. Tulikuwa tunaanza kwa Kiswahili kwa heshima ya ofisi, kisha baada ya salamu tunajikuta tumesharudi nyumbani. Kiswahili chake alikijifunzia shambani na sokoni, na kilikuwa kimejaa maneno ya Kirundi aliyoyavisha viambishi vya Kiswahili. Sisi wa huku hatulioni hilo kama kosa. Ndivyo tunavyosema.

Siku alipoajiriwa, mtu aliyekuja kumwelekeza kazi alimwambia kwamba jukumu lake kubwa ni kulinda data. Mzee akacheka mpaka akafuta machozi, na yule mgeni akabaki ameduwaa. Kwa Kirundi, na kwa Kiha pia, data ni baba yangu. Nilipomtania baadaye kwamba kanisa limemwajiri amlinde baba yake, hakucheka tena. Alisema, "Data nilimwacha ng'ambo, mwanangu. Sikuweza kumlinda, nilikuwa mgongoni." Nikajuta kumtania, lakini yeye mwenyewe aliendelea kuuliza kila asubuhi kama data ameamka salama, na mimi nikawa namjibu kwamba ameamka.

Basi ikatokea seva ikawa nzito. Muuguzi wa Nyabibuye alinieleza kwamba akifungua faili la mgonjwa ana muda wa kwenda kuchochea uji na kurudi kabla halijafunguka. Wagonjwa walirundikana mabarazani, wengine wakaondoka bila kuonwa. Wakati huo mimi nilikuwa nyumbani Heru Juu nikimuuguza mama, ambaye presha ilikuwa imempanda vibaya, kwa hiyo kazi ikapewa fundi wetu wa Kigoma mjini. Akaingia kwenye seva kwa mbali, akaandika amri moja, ile ya kuuliza RAM.

RAM ni rahisi kuielewa. Diski ya kompyuta ni kabati, mahali pa kuweka vitu visipotee. RAM ni meza: kila unachotaka kukifanyia kazi lazima kwanza ukitoe kabatini ukiweke mezani. Meza ikiwa ndogo, unafanya kazi kwa kupandisha na kushusha vitu, na siku inaisha. Meza yetu ilinunuliwa ikiwa ya gigabaiti thelathini na mbili, yaani RAM nne za nane nane, vibao vyembamba virefu kama kidole cha kati ambavyo huchomekwa ndani ya mashine. Fundi aliponyanyua macho, seva ilikuwa imemjibu kwamba ina kumi na sita. Nusu ya meza haipo.

Alimpigia katibu wa ofisi ya kanisa kule Kibondo akamwambia hivyo hivyo, kwamba nusu ya RAM haipo. Katibu akauliza kama RAM zinaweza kupotea zenyewe. Fundi akasema haziwezi, hazina miguu. Na hapo, bila mtu yeyote kukaa chini na kufikiri, swali likawa si mashine ina nini tena. Likawa ni nani ana ufunguo.

Katibu hakutaka seva ifunguliwe, maana kuifungua ni kuizima, na kuizima ni kufunga zahanati zote kwa siku nzima. Uamuzi huo niliuelewa. Akaagiza chumba kipekuliwe. Katika kabati la mzee, nyuma ya matambara na sabuni, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye skrubu, misumari iliyonyooshwa, vipande vya waya, na RAM mbili.

Mbili hasa. Nusu ya nne. Akaitwa mbele ya katibu na wajumbe wa kamati, akaulizwa RAM hizi amezipata wapi, akajibu. Katibu alinipigia jioni ile ile nikiwa ninamchemshia mama maji. Aliongea kwa upole wa mtu aliyefiwa. Aliniambia mzee amekiri mwenyewe bila kulazimishwa, amesema kwa kinywa chake, "nilizitoa." Amesimamishwa, ufunguo umechukuliwa, RAM zimetiwa kwenye bahasha zikafungwa kwa gundi. Nikirudi kazini alitaka nithibitishe sifa za mashine na kumtumia kwa maandishi, kwa sababu wiki inayofuata kamati itakaa, na baada ya kamati ni polisi.

Nilikaa jikoni na sufuria ikakauka. Kitu kilichoniumiza si kwamba ameiba, maana watu huiba, hata wazee wa kanisa. Kiliniuma kwamba nilimwamini katibu papo hapo. Mtu akikiri, utasema nini?

Habari ilishafika mtaani kabla sijarudi Kasulu. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Wengine hawakusema wizi kabisa, walisema tu "hawa watu," na kila mtu wa huku anajua ni watu gani. Mkwe wa mzee, mke wa mwanawe, alinieleza baadaye kwamba mjukuu wao alirudi kutoka shule akauliza mkimbizi ni nini. Kumbe hawakuwahi kumwambia. Jumapili ile mzee alikwenda ibadani kama kawaida, akapita benchi la mbele bila kusimama, akakaa nyuma karibu na mlango, na hakuna aliyemfuata kumrudisha. Kilichokuwa hatarini kwa mtu yule hakikuwa mshahara wa kufuta vumbi. Alikuwa ametumia maisha yake yote kuwa mwenyeji, na alikuwa karibu kurudishwa kuwa mtu wa kuja.

Nilirudi kazini Jumatatu. Kasulu ilikuwa na ukungu na baridi ile ya asubuhi inayofanya bodaboda wavae makoti ya sufu kama wako Ulaya. Nikaingia kwenye seva ya Kibondo. Kwanza niliandika amri ile ile ya fundi, free, ambayo inauliza RAM ya kutumia ni kiasi gani. Ikajibu: kumi na sita, kasoro kidogo. Sijui nilikuwa nimetarajia nini. Labda kwamba fundi hajui kusoma.

Lakini nilikuwa nimeagizwa sifa za mashine nzima, na mimi nikiagizwa kitu hukifanya chote, hata kikiwa kichungu. Nikaandika lscpu, nikaulizia vichakataji; vyote vilikuwepo. Nikaandika lsblk, nikaulizia diski; zote zilikuwepo, hakuna inayoumwa. Kisha nikaandika amri ambayo wengi hawahangaiki nayo, dmidecode, nikaielekeza kwenye RAM. Hii haiulizi mfumo unatumia nini. Inaiuliza mashine yenyewe, ubao wake, kwamba wewe katika matundu yako umechomekwa nini.

Ikajibu tundu kwa tundu. La kwanza lina RAM ya nane. La pili lina RAM ya nane. Nikashusha maandishi. La tatu lina ya nane, na la nne lina ya nane.

Nilisoma tena kwa kidole, kama mtoto wa chekechea. Nne. Zote zimo. Hakuna tundu tupu.

Wale wanaojua maharage ya kwetu watanielewa. Ukifika kwa mama yangu mwezi wa njaa ukamuuliza una maharage kiasi gani ya kula, atakwambia debe moja, na hatakuwa amekudanganya. Lakini ukimuuliza kuna maharage kiasi gani ndani ya nyumba hii, atakwambia madebe mawili, kwa sababu moja ni la mbegu, limetundikwa juu ya moshi, na halihesabiki katika chakula. Fundi wetu aliuliza chakula. Hakuuliza nyumba.

Nikampigia. Nilijitahidi kusema polepole, maana nilijua sauti yangu ikoje nikiwa nimekasirika. Nilimuuliza mara ya mwisho alipokwenda Kibondo alifanya nini. Akasema alibadilisha betri ndogo ya ubao, ile inayotunza saa na mipangilio. Nikamuuliza mashine ilipowaka ilimtaka apange nini upya. Akafikiri. Akasema ilimwonyesha namna za kupanga RAM, naye akachagua ile ya kioo kwa sababu ilikuwa ya usalama zaidi.

Kupanga RAM kwa kioo ni jambo la busara mahali panapostahili. Kila kitu kinachoandikwa kwenye jozi moja kinanakiliwa kwenye jozi ya pili, ili RAM moja ikifa, pacha wake aendelee na kazi bila mtu kujua. Gharama yake ni kwamba nusu ya RAM inakuwa mbegu. Meza haikuibiwa. Ilikunjwa, na aliyeikunja ndiye aliyetangaza kwamba haipo. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama kosa ni lake. Nikamwambia kosa la kuikunja meza ni dogo, na lingine sikumtajia, alilijua.

Lakini bado kulikuwa na kopo la maziwa. Ikiwa RAM nne zimo ndani ya mashine, hizo mbili ni za nani? Na mtu anakirije kutoa kitu ambacho hakijatoka?

Nikapiga simu nyumbani kwa mzee. Mkwewe aliipokea, akasita, kisha akampelekea. Nilimwamkia, "Mwakeye, mzee wangu," naye akaniitikia kwa Kiswahili kikavu cha ofisini, kama mtu anayeongea na polisi. Nikamwambia nataka aniambie mwenyewe habari ya RAM. Akasema alishawaambia.

"Niambie na mimi, mzee."

"Nilizitora," akasema. "Sikuficha. Nilizitora, nikaziweka."

Ilikuwa na r. Alitamka nilizitora, na ile r ilikuwa wazi kabisa masikioni mwangu. Kwetu, kutora ni kuokota. Mtoto anayeokota kuni anatora. Mwanamke anayeokota maharage yaliyomwagika uani anatora. Hakuna Muha wala Mrundi wa umri wowote ambaye angeweza kulisikia vingine neno lile, na katika kikao kile hakukuwa na Muha wala Mrundi hata mmoja zaidi yake, wajumbe wote wakiwa watu waliohamia kutoka mikoa mingine.

Nikaacha Kiswahili. Nikamuuliza, "Wazitoye hehe?" Umeziokota wapi?

Maneno yakatoka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Aliziokota nyuma ya stoo, mahali zilipotupwa kompyuta za zamani ambazo mvua ilizimaliza. Watoto wa jirani walikuwa wanazibomoa kuchezea, na yeye akaona vile vibao vyenye ukingo wa dhahabu viko kwenye tope, akavipangusa na kuviweka. Hakujua ni vya nini. Skrubu ameziokota, misumari ameiokota akainyoosha kwa jiwe, nyaya ameziokota. Mama yake aliwalisha yeye na dada zake kwa kuokota masalia katika mashamba ya watu baada ya mavuno, na akamfundisha kwamba kitu kilichoko chini kinamngoja mtu mwenye akili. Hayo yote alikuwa tayari kuyasema mbele ya kamati. Alikuwa ameshasema neno la kwanza na anatafuta la pili, akaona watu wanatazamana, na katibu akamwambia inatosha mzee, asante kwa ukweli wako.

Nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Yeye akanibembeleza mimi, akaniita mwana wanje, yaani mwanangu, akaniambia nisilie ofisini watu wataona.

Nataka nimtendee haki katibu. Ni mtu wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kama uzi, na tangu ahamie kwetu hakuwahi kumcheka mtu kwa matamshi. Sisi huku r na l zinatusumbua. Mtu atasema anakwenda kupiga kula, na mwingine atasema ameshiba kwa kura. Katibu alishazoea kutusahihisha masikioni mwake, kimya kimya, bila kumwaibisha mtu. Mzee aliposema nilizitora, sikio lile lenye adabu likaiondoa r ambayo lilidhani imeingia kwa bahati mbaya, likabaki na nilizitoa. Lakini kuuliza si ujinga, na swali moja tu la kuongeza lingetosha. Ulizitoa wapi, mzee? Angejibu nyuma ya stoo, na mambo yangeishia hapo.

Nilipompigia katibu nikamweleza, alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwomba afungue bahasha anisomee kilichoandikwa kwenye vile vibao. Akasoma kwa shida, herufi zikiwa ndogo. Zilikuwa RAM za kizazi cha zamani, za kompyuta za mezani, zenye pengo mahali pengine kabisa. Hata ukizilazimisha kwa nyundo haziingii katika seva yetu. Katibu akasema, "Mungu anisamehe," na akakata simu.

Nilikwenda Kibondo kwa kikao. Ningeweza kutuma maandishi, lakini nilitaka kuwepo. Basi lilipita Makere na njia panda ya kambi ya wakimbizi, na abiria nyuma yangu walikuwa wanaongea Kiswahili cha Kikongo juu ya bei ya mafuta ya mawese, na mimi njia nzima nilikuwa ninapanga jinsi watakavyofurahi. Niliona kabisa mzee anashikwa mkono. Niliona anakaa benchi la mbele. Nina umri wa kutosha kujua kwamba maji yakimwagika hayazoleki, lakini siku ile nilisahau.

Mzee alikuja na suti yake ya kanisani. Katibu alisimama, na kusema kweli alisema vizuri kuliko nilivyotegemea. Hakujificha nyuma ya neno "tulielewana vibaya." Alisema yeye ndiye aliyesikia vibaya, yeye ndiye aliyefunga maswali, na kwamba Jumapili atasimama mbele ya waumini wote aseme hivyo hivyo. Fundi naye alikuwa amesafiri kutoka Kigoma, akasema la kwake akiwa ameinamisha kichwa. Katibu akatoa ufunguo wa chumba cha seva, akauweka mezani, akausukuma taratibu mpaka ukawa mbele ya mzee.

Mzee aliutazama. Akanigeukia mimi, akaniambia kwa Kirundi kwamba atasema kwa lugha ya mama yake, na mimi niwape kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili chake kilishamponza mara moja. Wajumbe wakaelewa kwa kumtazama tu, kabla sijawatafsiria, na mmoja wao akaanza kupanguza miwani.

Alisema maneno machache tu. "Imashini mwayibajije kabiri. Jewe mwambajije rimwe."

Nimewahi kutafsiri miongozo mizima ya mitambo bila kukwama. Hapo nilikwama. Mzee akasubiri. Nikasema, nikimtazama katibu kwa sababu sikuwa na pengine pa kutazama, "Anasema, mashine mliiuliza mara mbili. Yeye mlimuuliza mara moja."

Nje mtu alikuwa anafagia, na tulisikia ufagio ukienda na kurudi. Katibu alikuwa na machozi. Akaniambia, "Mwambie basi tunamuuliza sasa. Mwambie aseme yote, tutasikiliza mpaka jioni."

Nikageuka nimtafsirie, lakini mzee alishasikia. Alikuwa anainuka, ameshika meza kwa mikono miwili kwa sababu magoti yake hayakuwa mazuri. Alipomaliza kusimama alisema kwa Kiswahili, polepole, akilitamka kila neno likamilike.

"Sasa mnaniuliza kwa sababu mashine imeshawajibu."

Akatupa mkono wa kwaheri mmoja mmoja, na mimi aliushika wangu kwa mikono yake yote miwili. Ufunguo aliuacha mezani. Jumapili katibu alisimama kanisani akayasema yote kama alivyoahidi, na waumini wakalia na kupiga makofi, lakini mzee hakuwepo. Alikuwa ameanza kusali kanisa jingine, dogo, la kule wanakokaa wenzake waliovuka naye, ambako ibada ni kwa Kirundi mwanzo hadi mwisho.